Madera ya Kwenye Gunia

Mjukuu wangu alimaliza arobaini ya uzazi katikati ya wiki, na Jumamosi alikuwa akingojewa Kinna kwa mama mkwe wake, ambaye alikuwa hajamwona mtoto. Kila nikimuuliza kama amejitayarisha, ananipa sababu. Jua kali. Vumbi. Mtoto ana mafua. Mtoto hakuwa na mafua yoyote. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha.

Ijumaa asubuhi nikaingia chumbani kwake bila kubisha. Nikamkuta kitandani katikati ya nguo kama mtu anayeuza mitumba, sketi ya ofisi imemkwama kwenye nyonga, analia bila sauti.

"Akko, siendi," akasema. Akko ndiyo nyanya kwetu. "Sina nguo."

"Na hizi ni nini? Majani ya mbuzi?"

Hakucheka. Mimi kubembeleza sijui, kwa hivyo nikafungua kabati. Nikampa mtoto ampakate, nikamwambia avae nguo moja moja na kila moja aifungue kifuani kwa mkono mmoja. Mtoto akilia kabla hujafungua, hiyo nguo inatoka.

Blauzi za vifungo vidogo zikatoka. Likaja gauni la zipu ya mgongoni.

"Hii ulinunua ukiwa na mtumishi wa kukuvua?"

Hapo akacheka kidogo, huku akivuta kamasi. Lakini nilipoanza kuzikunja kwenye sanduku la chini ya kitanda, akanishika mkono.

"Akko, nitazivaa tena."

"Utazivaa. Lakini nguo isiyokutosha haitundikwi mbele ya macho. Kila asubuhi itakutukana."

Kabati ikabaki na shati za mume wake na kanzu ya kulalia. Akaitazama. "Unaona sasa? Si nilikuambia?"

Mimi nilikuwa nimeshaona kitu nyuma ya viatu. Nikavuta gunia la sukari, limefungwa fundo la hasira. Ndani kulikuwa na madera mapya, bado yamo kwenye plastiki, yale yote waliyoleta wanawake walipokuja kumwona mtoto. Hakuna hata moja lililofunguliwa.

"Hizo wacha!" akanyakua gunia. "Wote waliniletea za wanene. Hata jirani, na vile yeye ni mwembamba, ameniletea dera kama hema. Walikaa hapa wanakunywa chai yangu huku wananipima tumbo."

Nikakaa chini. Huyu mjukuu wangu alikulia shule ya bweni, akatoka huko akaingia ofisi. Sisi tulidhani anajua kwa nini mzazi huletewa dera.

"Hakuna aliyekupima," nikamwambia. "Kila mmoja alikumbuka tumbo lake. Huyo jirani, alipozaa wa kwanza, alikataa kutoka mlangoni mpaka mtoto akaweza kukaa. Sukuma wiki nilikuwa nikimpelekea mimi."

"Yule mwenye mdomo?"

"Yule yule. Na dera alilotoka nalo nilimpa mimi. Lilikuwa kubwa kama hilo."

Akachana plastiki, akalivaa lile la jirani, la kijani lenye maua makubwa. Likashuka mpaka chini bila kushikwa popote. Mtoto akaanza kulia, naye akafungua kifua kwa mkono mmoja bila hata kuangalia, akaendelea kuniuliza juu ya jirani. Tukatundika mengine pamoja, ya kutokea mbele, ya nyumbani nyuma. Nikachoma ubani kidogo chini yake, harufu ya duka itoke.

Jumamosi nikamsikia kwenye ua.

"Salaam aleikum, mama! Njoo unione."

"Geuka," jirani akamjibu. "Geuka tena. Haya, sasa pita, uwatie wivu huko Kinna."

Akarudi ndani kuchukua mkoba. Mkononi alikuwa na dera moja, bado limo kwenye plastiki.

"Hili sikulitundika. Ni la wifi yangu wa Kinna. Yeye naye amekaribia kuzaa."

"Vizuri," nikamwambia. "Lakini usimpe ukanyamaza. Mwambie kwa nini ni kubwa."