Kaske ya Mutoto Iko Wapi?

Siku ya tatu ya mutoto wangu kupanda pikipiki bila kaske, ile kofia ngumu ya kukinga kichwa, uvumilivu ulinikatika. Nilichomoa ufunguo wa pikipiki ya Ilunga, motari anayepeleka mutoto wangu ku masomo, mbele ya watu wote.

"Weye umevaa kaske, mwanangu kichwa wazi! Ile ya pili iko wapi?"

"Mama Ngoie, sikiya kwanza..."

Nisikie nini? Nilikimbia mpaka ofisi ya chama cha motari, nikataka afukuzwe. Prezida wa chama akachukua kalamu. Ilunga akaingia, jasho linamutoka.

"Prezida, kaske iko kwake! Jumapili nilimubeba yeye mwenyewe, akashuka kwenye mvua, akakimbilia ndani nayo kichwani."

Ofisi yote ikacheka. Ikabidi nikiri. Jumatatu niliikuta mlangoni, nikadhani ni ya kazi, bwana yangu, askari, ameileta kutoka Base, kambi yao ya jeshi. Kumbe njo hiyo ya Ilunga! Nami nimeshalalisha kuku wangu ndani yake, anaatamia mayai saba niliyomuwekea.

"Sasa niandike nini, mama?" prezida akauliza.

Kichwa cha mutoto si mchezo. Nikasema:

"Andika: mulalamikaji, Mama Ngoie. Mushitakiwa, Mama Ngoie. Kosa: kulalisha kuku katika kaske ya mutoto."