Shikamoo Niliyoifuta

Ukweni Kidodi wananiita fundi wa kompyuta kwa sababu moja tu: siku moja niliwawekea wino kwenye printa. Sikuwahi kuwasahihisha.

Wiki iliyopita baba mkwe akalalamika kwamba kompyuta yake imejaa matangazo yanayofunguka yenyewe, mengine ya wanawake waliovaa nusu uchi. "Mwanangu, wageni wakija naona aibu. Yatoe."

Nikakaa mezani. Nikafungua orodha ya programu na kufuta kwa mkono kila nisiyoijua: ya bahati nasibu, ya kupunguza kitambi, ya wachumba. Ya mwisho iliitwa "Shikamoo Babu". Nikacheka peke yangu. Matapeli hawa wamejifunza hadi adabu zetu! Nikaifuta, nikamwaga na kapu la taka lote.

Asubuhi baba mkwe akaja na chai yake, nikamwamkia, naye akawasha kompyuta, akakaa wima mbele ya kioo. Hakuna tangazo hata moja. Nikasubiri sifa zangu. Naye akawa anasubiri. Akapandisha sauti. Akagongagonga spika.

"Mbona leo wanao hawaniamkii?" akauliza. "Mama yao aliwarekodi akaniwekea humu. Kila nikiwasha wananiambia shikamoo, nami nawaitikia."

Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena.

"Shikamoo, baba," ndilo neno pekee lililonitoka.

Akanigeukia taratibu, kikombe mkononi.

"Wewe umeshaniamkia."