Kifutio na Kidevu Chake

Mtaa mzima ulimwita Kifutio, na jina lilimkaa sawasawa. Alifanya kazi nyuma ya pazia, kwenye studio ya picha ya baba yake mdogo, na kazi yake ilikuwa moja tu: kufuta. Ukipigwa picha pale mbele, ukiwa na kovu la utotoni, au jipu lililochagua kutoka siku ya picha yako ya kitambulisho, picha ilipita nyuma kwa Kifutio, akashika kipanya cha kompyuta yake, mara mbili tatu, na wewe ukatoka laini kama yai. Alikuwa na mkono mwepesi, jamani. Bibi harusi mmoja aligoma kuchukua picha zake akidai kapewa za mdogo wake.

Sasa sikia kituko. Huyu mfuta chunusi za watu, kidevu chake mwenyewe kilikuwa shamba la chunusi. Na usifikirie vile vipele vya watoto wa shule. Mtu mzima huyu, miaka thelathini na mmoja, na yale yalikuwa manundu hasa, magumu, ya chini ya ngozi, yamejipanga kwenye taya huku na huku, yanauma hata akiegemea mto. Kila mwezi, siku chache kabla ya hedhi, yaliongezeka utadhani yameitwa mkutanoni. "Kinyozi hajinyoi," walimtania mafundi cherehani wa mlango wa pili. Kifutio alicheka nao, kisha akarudi nyuma ya pazia, akakaa anajishikashika taya mpaka saa ya chakula.

Alishapaka kila kinachopakwa. Limau, asali, dawa ya meno, krimu moja iliyombabua wiki mbili nzima. Mama yake alikuwa na tiba moja tu, aliyoitoa bure kila siku.

"Ukiolewa zitaisha."

"Mama, dada ameolewa, ana watoto watatu, na zake ziko palepale."

"Dada yako ana mawazo mengi."

Haya, shindana na mama uone kama utashinda.

Pengine angeendelea kuishi hivyo hivyo nyuma ya pazia, lakini magoti ya Baba Mdogo yalikataa kazi. Mpiga picha anapanda, anashuka, anachuchumaa, na mzee alikuwa akichuchumaa lazima avutwe mkono kuinuka. Siku moja akamwita. "Mwanangu, njoo mbele ushike kamera. Studio iwe mikononi mwako."

Kifutio alikuwa akiitaka kamera ile tangu ana miaka kumi na miwili. Usiku mwingine aliiota. Lakini mpiga picha anatazamwa. Mteja akikaa kwenye stuli anamkodolea macho yeye, hana pengine pa kutazama.

"Na kidevu hiki, Baba? Mteja ataona mashine yetu ya kusafisha imeharibika."

Baba Mdogo alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akajisugua goti. "Nakupa miezi minne," akasema. "Magoti haya hayafiki wa tano. Baada ya hapo namchukua mtu wa nje, na usinilaumu."

Ndipo Kifutio akaenda kwa daktari wa ngozi. Alikuwa mama wa makamo, miwani puani, foleni yake imefika hadi ngazini. Alimpapasa taya kwa vidole viwili, akamuuliza habari za hedhi, za mimba, za figo, za presha. Kisha akamwambia maneno ambayo hakuna aliyepata kumwambia miaka yote ile: hili si la uchafu, wala si la kukosa mume.

"Sisi wanawake nasi tuna homoni za kiume, kidogo tu," alisema. "Ngozi yako inazisikia kupita kiasi, inatoa mafuta mengi, vinyweleo vinaziba. Unapaka juu wakati amri inatoka ndani. Nitakupa kidonge cha kuizuia hiyo amri isifike."

Akampa masharti: asibebe mimba akiwa kwenye dawa, apime damu na presha, asinyanyuke ghafla maana kizunguzungu kipo, na asitarajie kitu kabla ya miezi mitatu. Mwezi wa kwanza huenda chunusi zikachachamaa zaidi. "Na kwa kuwa unakaa mbali, nitumie picha kwa simu kila mwisho wa mwezi. Dirishani, bila poda. Kwa picha hizo nitajua nipandishe, nishushe au nibadilishe. Umenielewa?"

"Nimeelewa, daktari." Picha tena? Picha ndiyo kazi yake.

Muuza dawa alisoma cheti, akamtazama. "Pole dada. Presha umri huu?" Maana dawa yenyewe ilianza maisha yake kama dawa ya presha. Ilimkojoza pia. Kutwa alikuwa njiani kwenda choo cha mafundi cherehani, nao wakaanza kumpigia makofi kila anapopita.

Wewe umewahi kumwona mtu anayengoja? Kifutio hakukaa. Aliamka anajipapasa kabla hajafumbua macho. Kazini akifuta uso mmoja anakimbilia kioo, akifuta wa pili kioo tena. Kila kioo kilimwambia lake: cha bafuni kilisema nafuu, cha studio kilisema balaa, cha simu ndiyo usiseme. Mwisho akawa hajui anachokiona. Alihesabu manundu asubuhi akapata tisa, jioni akapata kumi na moja, akagombana na mama yake kwa sababu ya chumvi.

Kulikuwa na jambo moja la kila siku ambalo hakulihesabu kabisa. Kila asubuhi, kabla ya kufungua, Baba Mdogo alimkalisha kwenye stuli kupima mwanga. Taa huwa na vituko vyake, leo kali, kesho inafifia, kwa hiyo mzee alimpiga mbili tatu za haraka, akatazama, akasogeza taa. Kifutio alikaa pale anapiga miayo, macho pembeni. Kwake hizo hazikuwa picha. Ulikuwa mwanga tu.

Mwisho wa mwezi wa kwanza alijipiga kwa simu dirishani, bila poda, kama alivyoagizwa. Picha ikatoka giza. Akaihamishia kwenye kompyuta aipe mwanga kidogo, basi. Lakini mkono uliofuta miaka tisa una akili zake! Mwanga ukaingia, na kipanya kikateleza kwenye taya, tik, tik, tik, wakati yeye anawaza habari za chakula cha mchana. Alipozinduka, kidevu kilikuwa safi nusu. Na alikuwa ameshaihifadhi juu ya ile ya kwanza, ya kwanza ikapotea, kama anavyofanya kwa wateja. Angeweza kujipiga upya. Akasema ah, nimepunguza kidogo tu. Akatuma.

"Ajabu, mapema hivi!" daktari aliandika. "Endelea."

Yale maneno yalimlewesha siku nzima. Kwa hiyo mwezi wa pili hakuwaza habari za chakula. Alijua anachofanya, na alikifanya polepole, kwa ufundi, akiacha vipele viwili ili daktari asishtuke. Mwezi wa tatu aliacha kimoja. Mjinga gani huyu, utasema, anayemdanganya daktari wake? Lakini ukizoea kuona sura inarekebishika kwa kidole kimoja, kuituma mbovu inakuwa kama kutoka nje bila nguo.

"Hongera sana," daktari akajibu mwezi wa tatu. "Umepona haraka kuliko nilivyotarajia. Tunashusha hadi nusu kidonge, halafu tuache."

Kifutio aliusoma ujumbe ule akakaa chini. Kumwambia ukweli ni kukiri picha tatu. Kunyamaza ni kushusha dawa. Akanyamaza. Akashusha.

Wiki ya tatu ya nusu kidonge, kidevu kikalipuka. Nundu moja chini ya sikio lilivimba hata kutafuna kukawa shughuli. Mama yake alimtazama mezani. Mara hiyo hakusema habari za ndoa.

"Umemwonyesha daktari?"

"Nimemtumia picha."

"Mficha maradhi, kilio kitamuumbua," mama alisema, akamsogezea maji. Hakujua alichokisema, na Kifutio hakumaliza chakula.

Ijumaa ile Baba Mdogo alipita nyuma ya pazia, akajiegemeza ukutani. "Miezi minne imetimia. Jumatatu anakuja kijana mmoja kujaribu kamera. Nilitaka uisikie kwangu."

Hapo Kifutio akalia. Akalia vibaya, kwa kelele, mafundi cherehani wakasimamisha mashine zao. Akamwambia yote, kuanzia ile picha ya giza. "Na sasa hata nikitubu sina cha kumwonyesha. Nimehifadhi juu ya zote. Sijui dawa ilikuwa inafanya kazi au nilikuwa ninapona kwenye kompyuta tu. Itabidi tuanze upya kama vipofu."

Baba Mdogo alijikuna kichwa. "Na zile za asubuhi?"

"Zipi?"

"Za mwanga. Unadhani nazitupa?" Mzee alichechemea mbele, akarudi na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na kadi za kamera, kila moja imebandikwa karatasi yenye mwezi wake. "Mteja akinigombeza kwamba taa yangu imemfanya mweusi, namwonyesha mwanga wa asubuhi hiyo. Miaka yote naweka."

Kifutio akachomeka kadi ya kwanza kwenye kompyuta. Akajiona. Asubuhi kwa asubuhi, stuli ileile, taa ileile, anapiga miayo, na taya yote iko wazi. Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya, mbaya kweli, kama daktari alivyomwonya. Mwezi wa pili nundu la kushoto likaanza kulala. Likafuatwa na la pili. Katikati ya mwezi wa tatu kulikuwa na asubuhi moja ambayo taya ya kulia ilikuwa karibu tambarare, imebaki madoa tu, na yule mwanamke kwenye stuli anatazama pembeni hana habari.

Alikuwa anapona. Siku zile zile alizokuwa akijifuta, alikuwa anapona kweli, na hakujiona hata mara moja. Uchungu wake haukuwa mdogo. Alikaa na picha ile ya asubuhi mpaka skrini ikajizima.

Kisha akazituma. Kumi na sita, moja kwa kila wiki, bila kugusa hata kivuli, na chini yake akaandika: Daktari nisamehe, zile tatu nilizifuta mwenyewe. Ndiyo kazi yangu.

Jibu lilichelewa mpaka jioni, akaenda chooni mara sita na safari hii si kwa dawa. "Nimekasirika," daktari aliandika. "Nimemshushia dawa mtu asiyekuwepo. Rudi kwenye kidonge kizima kesho asubuhi, pima presha, uje Alhamisi mwenyewe na kidevu chako. Miezi mitatu tunaianza tena." Baada ya muda ukaingia mwingine: "Dawa ilikuwa inakukubali."

Jumatatu yule kijana alikuja, akakuta stuli imekaliwa na mteja na kamera iko mikononi mwa mwanamke mwenye nundu chini ya sikio. Baba Mdogo alimpa chai na nauli ya kurudia. Mteja mwenyewe alikuwa binti wa chuo, paji la uso limejaa vipele, na alikuwa akimkodolea Kifutio kidevu bila hata kujificha. Kifutio aliona. Mguu wake ulitaka kukimbilia nyuma ya pazia. Akabofya.

"Dada," binti akanong'ona, "hizi utanitolea, eh?"

"Ukitaka nitakutolea."

"Nataka."

"Sawa. Lakini nitakupa mbili. Hiyo nitakayoifuta, na hii ya kwanza. Ya kwanza usiitupe."