Nilivyokuwa Opareta wa Simu Olenguruone

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kitu. Msimamizi wa zamu, mama mrefu tuliyemwita Madam, aliniketisha nyuma ya maopareta wa kituo cha simu cha Nakuru na kuniambia niangalie mikono yao tu. Mbele yao kulikuwa na swichibodi, ukuta wa mbao uliojaa matundu, kila tundu likiwa ni simu ya mtu fulani. Mteja alipozungusha mkono wa simu yake, kifuniko kidogo cha shaba kilianguka juu ya tundu lake. Opareta alichomeka waya hapo, akauliza, "Namba tafadhali?" kisha akachomeka waya wa pili kwenye tundu la aliyetafutwa. Hapo watu wawili walikuwa wameunganishwa.

"Umeona nini?" Madam aliniuliza tulipokwenda kunywa chai.

"Wana haraka sana."

"Haraka utajifunza. Kitu kigumu ni kutosikia. Ukishajua wameshikana, toa sikio lako hapo. Hiyo si simu yako, Rahab. Ni ya watu."

Nilikuwa msichana wa Kabazi, nimemaliza shule nikijua kulima viazi na kupiga taipu kidogo. Nyumbani hatukuwa na simu, na hata jirani hakuwa nayo. Nilijifunza kazi hiyo kama mtu anayejifunza lugha, na nilipoizoea nikahamishiwa Olenguruone, juu kabisa Mau, ambako ukungu huingia hadi ndani ya nyumba.

Kituo kilikuwa chumba kimoja nyuma ya posta. Nilikuwa na swichibodi ndogo na laini moja tu ya kutoka nje, iliyopita msituni juu ya nguzo za mbao hadi Molo, kisha Nakuru. Mtu mmoja akiwa anaongea na Nairobi, sisi wengine wote tulingoja. Mti ukianguka juu ya waya, tulikaa bila habari za dunia mpaka mafundi wapande na ngazi zao. Simu za pande zile zilitumia betri kavu zilizowekwa ndani ya sanduku la simu lenyewe, na betri ikichoka, sauti ya mwenye simu ilichoka pia. Mimi niliyekuwa karibu niliweza kumsikia. Mtu wa Nakuru alisikia upepo tu.

Mvua ilikuwa imeharibu barabara siku mbili tatu hivi. Asubuhi moja kifuniko cha dispensari kilianguka. Ilikuwa dispensari ndogo ng'ambo ya msitu, yenye nesi mmoja na mhudumu wake, mzee aliyeitwa Arap Sang. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye simu.

"Mama, nesi anataka daktari wa Nakuru," alisema. "Kuna mama amezaa na damu haisimami."

Nilitazama ubao. Laini yetu ya nje ilikuwa imeshikwa na meneja wa kiwanda cha mbao, aliyekuwa akizungumza na mkubwa wake Nairobi. Sheria yetu ilikuwa wazi: opareta hakati mazungumzo ya mteja bila idhini ya msimamizi wake, na msimamizi wangu alikuwa Nakuru, mwisho wa laini hiyohiyo. Niliingia katikati ya maneno yao, nikamwomba meneja aniachie laini kwa ajili ya mgonjwa.

"Subiri nimalize," akasema. "Hii ni kazi ya serikali unachezea?"

Haikuwa kazi ya serikali, zilikuwa habari za magogo. Nilingoja kidogo nikiwa nimeshika waya wake. Kisha nikauchomoa.

Nakuru walimpata daktari wodini. Nilipomuunganisha na dispensari, akawa anaita tu, "Hello? Hello? Nesi?" Betri ya kule ilikuwa imekwisha nguvu. Hapo niliweka kando alichonifunza Madam, nikaingia kwenye mazungumzo.

"Daktari, mimi ni opareta. Nawasikia wao, wewe huwasikii. Niambie mimi, nitawaambia."

"Uliza kama amechomwa sindano ya kuzuia damu."

Nikauliza. Arap Sang akapaaza swali kwa nesi aliyekuwa chumba cha pili, akarudi. Amechomwa, na hiyo ndiyo ilikuwa sindano yao ya mwisho.

"Mkojo utolewe kwanza. Halafu nesi asugue tumbo chini ya kitovu, kwa nguvu, hadi alisikie limekuwa gumu. Mtoto awekwe kwenye titi. Asiache kusugua."

Maneno yalipita hivyo kwa watu wanne, kutoka kwa daktari hadi mikono ya nesi, na majibu yakarudi kwa njia hiyohiyo. Mara nyingine Arap Sang alikwenda akakawia, na mimi na daktari tukabaki tukisikiliza waya. Wakati mmoja daktari aliniuliza kwa upole, "Bado upo?" Nikamwambia nipo. Mwishowe mzee alirudi akihema. "Nesi anasema imepungua. Anasema tumbo limeshika." Nikampelekea daktari neno hilo.

Jioni gari la hospitali lilifika dispensari likivutwa na trekta. Mama yule aliishi, na mtoto pia.

Meneja alishtaki, na haki yake ya kushtaki alikuwa nayo. Niliitwa Nakuru mbele ya Mkuu wa Simu, mzee mtaratibu ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti.

"Ulichomoa waya wa mteja akiwa anaongea?"

"Ndiyo, bwana."

"Na ukakaa ndani ya mazungumzo ya daktari?"

"Ningetoka wasingesikizana."

"Opareta akianza kuchagua nani aongee na nani anyamaze, watu wataacha kuiamini simu. Hilo unalielewa?"

"Nalielewa."

"Yakitokea tena kesho?"

"Nitauchomoa tena, bwana."

Alinipa onyo, na onyo hilo lilinichelewesha kupanda cheo. Lakini kabla mvua haijaisha, vituo vyote vidogo vilipewa agizo lake kwamba simu ya mgonjwa mahututi ipewe laini, mteja akiambiwa kwanza. Mpaka leo sijui kama niliadhibiwa au nilisikilizwa. Nadhani ni yote mawili.

Miaka ikapita, nikarudishwa Nakuru, na huko nikaukuta mtambo wa kujiendesha. Mafundi waliufunga katika ukumbi wa jirani: makabati marefu ya chuma yaliyopokea namba kutoka kwa kidole cha mteja na kumtafutia njia yenyewe. Siku ya kuhama, Jumapili asubuhi, mhandisi alisema, "Vuta," na mafundi wakavuta kamba zilizofungwa kwenye vizibo vilivyozuia laini zisiingie mtambo mpya. Upande wetu ubao ulikufa. Upande wa pili ukaanza mlio kama wa mtu anayepepeta maharagwe kwenye ungo. Madam alibaki kitini, mikono mapajani, akitazama vifuniko ambavyo havikuanguka.

Wengine walihamishwa, wengine wakaenda nyumbani. Mimi niliwekwa dawati la kuulizia namba hadi nilipostaafu. Sasa niko Kabazi na simu yangu ya mkononi. Vijana huniuliza kama niliuchukia mtambo ule, nami huwaeleza yaliyonipata juma lile lile la kwanza. Nilisimama kwenye simu ya ukumbini, nikapiga mwenyewe hadi Nairobi, kwenye duka la ushonaji alikofanya kazi dada yangu Mumbi.

"Nani amekuunganisha?" akauliza.

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu kabisa?"

"Ni mimi na wewe tu."

Akaanza kulia. Mume wake alikuwa amemwacha karibu mwaka mmoja kabla.

"Mbona hukuniambia? Tumeongea mara ngapi?"

"Ningesemaje, Rahab, na wenzako wote wako kwenye laini?"

Nilikuwa nimejivunia masikio yetu yasiyosikia. Sikuwahi kufikiria kwamba huko upande wa pili, muda wote huo, watu walikuwa wakitusikia sisi tukipumua. Nilivuta kiti, nikamwambia aseme yote, nina nafasi.