Msumari Ulioachwa Wazi

Siku ya pili ya msiba, kabla waombolezaji hawajaandaliwa supu ya nyama yenye pilipili, Seon-hwa alipanga picha mbili kati ya maua meupe. Moja ilikuwa ya baba yake, marehemu Ok Byeong-du. Ya pili, ndogo na iliyopauka, ilikuwa ya mwalimu wa baba yake.

Mzee Ok alifundisha taekwondo mjini Gunsan miaka hamsini na mmoja, katika chumba kilicho juu ya duka la tambi. Wanafunzi wake walifungua shule Brazili, Misri na Ufaransa. Mgeni akimuuliza asili ya mchezo, alimwonyesha picha ile ndogo. Mwalimu wake alijifunza karate Japani, enzi Wajapani walipoitawala Korea, akarudi kuwafundisha vijana wa nyumbani. Mateke ya juu yanayopendwa duniani kote, alisema mzee, tuliyaongeza wenyewe kwa jasho letu, wala hilo si haba.

Chama cha taekwondo kilimtaka aseme mchezo ni wa Kikorea mtupu, vilevile ulivyo, tangu miaka elfu mbili. Alikataa, kwa kuwa Mungu amekataza kushuhudia uongo. Kwa miaka kumi na minane cheti chake cha daraja la tisa, la juu kabisa, kikalala kwenye droo yao.

Sasa kililetwa. Bwana Tak, katibu wa chama, mwanafunzi wa zamani wa mzee, aliweka ua, akainamisha kichwa, kisha akamkabidhi Seon-hwa bahasha yenye cheti. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba mchana wangefika wageni wa ng'ambo pamoja na wapiga picha. Ile picha ndogo, yenye mavazi ya Kijapani, ingefaa ipumzike sandukuni.

"Mwenyewe alikitamani sana, dada," alisema.

Ni kweli. Ukutani mwa chumba kile cha juu ya duka mzee aliacha msumari mtupu wa kukitundika, na kila Jumamosi aliufuta vumbi.

"Kaka Tak, baba alikupokea hujui hata kufunga mkanda," Seon-hwa alijibu. "Huu uongo umefundishwa na nani?"

"Ni picha tu."

"Basi iache ilipo."

Akamrudishia bahasha kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akamkaribisha supu. Mchana Mbrazili mmoja aliuliza yule wa picha ndogo ni nani. Seon-hwa alimweleza yote, Tak akisikia.

Baada ya mazishi alipanda hadi juu ya duka la tambi. Kwenye msumari akatundika mkanda wa baba, mweusi uliochakaa hadi pamba nyeupe ikachomoza. Akaomba kwa ufupi, akamshukuru Mungu kwamba kwake hakuna droo. Saa kumi akafungua mlango, darasa likaanza.