Trela ya Kulala Nyumbani

Juzi nilikuwa Kangemi kwa fundi wa vyuma, nangoja geti langu, mzee mmoja akaja kukagua trela yake: kijumba cha mabati cha kuvutwa na gari, chenye kitanda ndani. Nikajisemea, hawa ndio wenye pesa za kwenda kulala porini wakitazama simba.

"Mzee, hii unaenda kempu nayo wapi? Mara?" fundi akamuuliza.

"Kempu gani? Naipeleka nyumbani, Kakamega."

Akatueleza huku akipangusa vumbi kwenye bati kwa mkono wa shati. Kwao mwanamume aliyeoa haruhusiwi kulala katika nyumba ya wazazi, na yeye hajajenga, karo ilimmaliza. Kwa hivyo akienda kumwona mama, jioni huaga na kwenda kulala lojing'i mjini. "Ananisindikiza hadi kwa geti kama mgeni."

Fundi, ambaye pia ni wa huko, alizima mashine. "Na wazee watakubali? Nyumba ni ile iko na msingi."

"Hao nitabishana nao asubuhi, nikiwa nimeshalala."

Tulicheka. Lakini wangapi wetu tumejenga kule nyumba za mawe ambazo wanaolala humo ni popo?

Kabla ya kuondoka, mzee aliomba dirisha la pili, hapo kitandani. Fundi akachora kwa chaki. Mzee akatikisa kichwa, akaonyesha kwa kiganja usawa wa kifua chake.

"Shusha kidogo. Mama amekuwa mfupi siku hizi, na lazima atakuja kuchungulia kama nimelala."