Picha ya Kileleni

Si kweli kwamba kitindamimba wa marehemu mpima ardhi alikuwa anajua. Hayo yamesemwa saluni, yamesemwa harusini, na yupo aliyethubutu kuyasema kwenye mlango wa nyumba yenyewe: kwamba baba yake alikuwa anashushwa kaburini na yeye yuko juu ya mlima, nchi za watu, anacheka na kupiga picha. Picha ipo, haikanushiki. Tarehe ndiyo hiyo hiyo. Ila picha haionyeshi mtu anajua nini, na wenye ndimi ndefu hawakuuliza. Sasa na wasikilize.

Kitinda, kama anavyoitwa nyumbani, alikuwa na miaka ishirini na minne alipoondoka, shahada mkononi na begi la mgongoni lililotaka kumshinda kimo. Hakutoroka. Baba yake mwenyewe alimsindikiza. "Nimepima mipaka ya watu miaka thelathini na tano," alimwambia, "na sijavuka hata mmoja. Nenda ukanionee." Walikuwa watatu: yeye, rafiki yake Nesi, aliyewazidi umri na kuomba likizo bila malipo wodini, na rafiki mwingine waliyembatiza Bibi Ramani, kwa sababu alipotea kila walikokwenda, na kila mara akashikilia kuwa ramani ndiyo iliyokosea.

Mpango wao ulikuwa kufanya kazi mahali miezi miwili mitatu, kisha kubeba mabegi na kusonga mbele. Katika mji wa tatu waliangukia nyumba ya wageni ya vijana wasafiri. Vyumba sita, kila kimoja na vitanda vinane vya ghorofa, na mgeni akiondoka asubuhi, mashuka yake yawe yamefuliwa, yamekauka na yametandikwa upya kabla ya saa nane mchana. Wenyewe walilala chumba cha chini, ubavuni mwa mashine za kufulia, ukuta ukitetemeka kama mwenye homa. Vidole vilichanika kwa dawa ya kung'arisha mashuka. Kitinda akapata ufundi: shuka lenye mpira pembeni, ambalo wengi hulivuruga kama maandazi, yeye alilikunja peke yake likawa bapa kama bahasha.

"Mama mkwe wako ataringa," Nesi alimtania.

"Mama mkwe anunue mashine."

Kila Jumapili alipiga simu nyumbani.

"Nipe baba."

"Amelala."

"Jumapili ya tatu hii amelala. Kwani amepata kazi ya ulinzi?"

"Mstaafu ana haki ya kulala. Wewe umekula?"

"Nimekula, mama. Mwambie nimeona theluji. Mwambie ni kama godoro la pamba limepasuka juu mbinguni."

"Nitamwambia."

Baba yake hakuwa amelala. Alikuwa hospitalini, moyo umechoka, na daktari alikuwa ameshamwita mama pembeni na kumweleza kwamba zilizobaki ni wiki, si miezi. Mama akafanya kama walivyofanya wazazi wake: habari nzito hairushwi kwa simu kwa mtoto aliye mbali. Hutafutwa mtu wa karibu naye, mwenye busara, akamkalisha chini, akamwandaa, akamwambia kidogo kidogo. Mtu huyo alikuwepo. Mama akampigia Nesi.

"Wewe umezoea mambo haya, mwanangu. Mwambie taratibu. Usimshtue."

"Sawa, mama. Niachie mimi."

Nesi hakuwa amezoea. Miaka yake yote wodini, habari za namna ile zilitolewa na madaktari. Kazi yake ilikuwa kuleta kiti na bilauri ya maji. Lakini angeanzaje kumkatalia mama wa mwenzake?

Siku ya kwanza alimkuta Kitinda anaimba huku anakunja mashuka, akaona si vizuri. Siku ya nne Kitinda alikuwa na mafua makali. Wiki ya pili meneja, mtu asiyetoa ruhusa hata kwa kivuli chake, akawakubalia siku tatu kwa pamoja wakapande ule mlima waliokuwa wakiutazama toka walipofika. Nesi akajiambia: apande kwanza, ashuke na furaha yake, moyo una nguvu, ndipo nimwambie.

Kila jioni mama aliuliza, "Umemwambia?"

"Bado kidogo, mama."

"Haya. Usimharakishe."

Namba ya Kitinda ilikuwa katika simu hiyo hiyo, mstari mmoja juu ya ya Nesi. Mama hakuibonyeza. Na mgonjwa alipouliza, "Mtoto ameambiwa?" alijibiwa, "Ameambiwa. Yuko njiani."

Alifariki siku ile walipoanza kupanda. Mama akampigia Nesi, simu haipatikani. Ndugu walipojaa sebuleni na kuuliza habari za binti, mama alirudia neno lile lile alilomwambia mumewe. Ameambiwa. Kwani angesemaje mbele ya watu, kwamba nyumba ya wasomi mtoto hajui baba yake anaumwa?

Siku ya tatu, asubuhi, walifika kileleni. Simu ya Kitinda ilikuwa imezimika kwa baridi. Bibi Ramani, akiwa amesimama juu kabisa, pasipo na pengine pa kwenda, alimwuliza mpandaji mmoja kama kilele bado ni mbali. Hapo ndipo Kitinda alipocheka hadi jino la mwisho likaonekana, na hapo ndipo Nesi alipobonyeza kamera. Kwa simu ya Bibi Ramani wakamtumia binamu wa Kitinda picha ile, bila neno lolote, maana mtandao ulikuwa wa kubabaisha. Binamu aliipokea makaburini. Akamwonyesha wa pembeni yake, naye akamwonyesha wa pembeni yake.

Jioni, chini, kwenye kiduka walikosubiri basi, Kitinda aliomba kuchaji. Simu ilipowaka ilitetemeka mpaka mwenye duka akageuka. Alisoma ujumbe wa kwanza, akausoma tena kwa sauti:

"Dada, hata kama ni ughaibuni, baba ni baba. Siku ya kumzika ndiyo ya kututumia meno?"

Akainua macho. "Nesi, wanamsema baba wa nani?"

Nesi alishusha begi, akalikalia. "Nilitaka nikuambie leo. Tukishuka."

"Kuniambia nini?"

"Mama alisema nikuambie taratibu."

"Taratibu tangu lini?"

"Wiki mbili."

Bibi Ramani, aliyekuwa hajui lolote, aliendelea kumenya chungwa hadi likamwisha mkononi.

Alifika nyumbani siku ya nne baada ya maziko, na begi lile lile mgongoni kwa kuwa hakuwa na jingine. Sebule bado imejaa. Shangazi yake alimtazama kutoka viatu hadi utosi. "Karibu, mtalii. Tumekuzikia."

Kitinda alishusha begi. Alimtazama mama yake, akangoja. Neno moja lingetosha. Mama alisema, "Mpeni maji mtoto," akainamisha kichwa. Na Kitinda, aliyekuwa na kila haki ya kusema, akanywa maji, akanyamaza, asije akamvua mama yake nguo mbele ya wakwe na majirani. Amenyamaza miaka minne. Anafundisha jiografia sekondari, ukoo ukimwita kwenye shughuli anasema ana madaftari ya kusahihisha. Salamu za Nesi hazijibu.

Mama huyo ndiye aliyeandika haya. Alidhani analinda jina la nyumba, kumbe alikuwa analinda la kwake kwa kulivunja la mwanawe.

Mara moja tu Kitinda alimwuliza, wakichambua mchele jikoni, bila kuinua uso: "Baba alinitaja?" Alijibiwa. Jibu lile ni la mama na mwana, na maneno ya mwisho ya mpima ardhi ni ya nyumba yake. Hayataandikwa hapa wala pengine, na asiulizwe mtu.